Celica ya Safari na kijiko kilichodanganya: uchambuzi wa bodi moja ya 1/24

Bodi inayochambuliwa hapa ni ya modeli ya plastiki ya Toyota Celica Turbo 4WD, ile ST185, kwa kipimo cha 1/24. Seti ni ya Tamiya, toleo la Monte-Carlo 1993, na mjenzi alikuwa akiigeuza iwe gari la Safari Rally ya mwaka huohuo, lile la dereva Juha Kankkunen na msaidizi wake Juha Piironen. Mwaka ule Toyota ilizoa nafasi nne za kwanza: Kankkunen, kisha Markku Alén, Ian Duncan wa Kenya akashika ya tatu na Yasuhiro Iwase ya nne. Ni gari ambalo wapenzi wa mbio wa Kenya wanalijua kwa sura, tena halifichi makosa ya rangi: bodi ni nyeupe, na juu yake zimekaa kijani na nyekundu za Castrol.

Kazi ilifanyika Mombasa, wakati wa masika. Praima (rangi ya msingi), rangi nyeupe na stika za maji vilikwenda bila shida. Jioni ikapigwa kliya (vanishi angavu ya juu) ya sehemu mbili, ile ambayo mafundi wa gereji huiita tuu-kei, na asubuhi yake kasoro nne zikawa zimejitokeza kwa mpigo. Kwenye kingo za matao ya magurudumu na kuzunguka matundu ya hewa ya boneti kulikuwa na nyufa nyembamba sana. Stika za kijani za milangoni zilikuwa zimejikunja. Chini ya stika kubwa ya nyuma palikuwa na weupe wa kifedha. Na paa lote lilikuwa na vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano.

Jibu la haraka ni "thina ilikuwa kali". Thina ilikuwa kali kweli. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini katikati ya boneti, mahali palipopata thina ileile kwa wingi uleule, palibaki safi. Wala halielezi kwa nini stika nyekundu zilipona na za kijani zikaharibika. Zaidi ya hayo, mjenzi alikuwa amefanya jaribio kwanza: alipiga mfumo wote, kuanzia praima hadi kliya, juu ya kijiko cha plastiki, na kijiko kikatoka kinang'aa. Hapo ndipo pa kuanzia.

Rangi za gereji na kwa nini zinatumika

Seti ya modeli inasafiri kwa posta bila taabu. Rangi haisafiri hivyo. Kopo la rangi ya kimiminika huhesabiwa kuwa mzigo unaoshika moto (UN1263), na kopo la kupulizia nalo lina daraja lake (UN1950), hivyo wauzaji wengi wa nje hawatumi rangi kwa ndege kabisa. Anayejenga modeli Mombasa, Dar es Salaam au Kampala anaishia kwenye duka la rangi za magari. Si jambo baya. Rangi ya gari ina chembe laini, inakauka upesi, na kliya ya tuu-kei ikikomaa inasuguliwa ikang'aa kuliko karibu kliya yoyote iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli.

Tatizo ni kwamba imetengenezwa kwa ajili ya bati. Bodi ya modeli ni polistairini, plastiki inayolainika ikiguswa na viyeyushi vingi vilivyomo ndani ya thina: tuluini, asetoni, zailini, asetati. Thina ya NC, yaani ya rangi za nitroselulosi, ndiyo kali zaidi. Thina ya tuu-kei ina ukali wa kadiri lakini hukawia kuruka, na kukawia huko nako ni hatari, maana inapata muda wa kuzama.

Halafu kuna suala la kupimiwa. Duka likikuuzia nusu lita ya thina kutoka kwenye pipa, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, hujui umepewa ipi. Kwenye kisa hiki thina na hadina, ile sehemu ya pili inayogandisha kliya, vyote vilikuwa vya kupimiwa. Tutarudi kwenye hadina, kwa sababu vitundu vya paa vinaanzia huko.

Kijiko kilipimwa, bodi haikupimwa

Kijiko kilikuwa na tofauti tatu na bodi, na kila tofauti ilificha kasoro mojawapo.

Kwanza plastiki yake. Ukigeuza kijiko cha plastiki mara nyingi utakuta pembetatu yenye namba kwenye mpini. Namba 6 ni polistairini. Namba 5 ni polipropilini, na hiki kilikuwa namba 5. Polipropilini haijali thina. Unaweza kuiloweka usiku kucha isifanyike kitu. Kupima thina juu yake ni kupima kitu kingine kabisa. Kama kijiko hakina namba, kikunje: polistairini huvunjika kwa mlio mkavu, polipropilini hupinda na kubaki na alama nyeupe. Lakini kipimo bora kiko ndani ya boksi lenyewe. Fremu inayoshika vipande ni plastiki ileile ya vipande vyenyewe, na seti za magari ya mbio huwa na vipande visivyotumika, kama rimu za toleo jingine au vioo vya pembeni vya akiba. Hivyo ndivyo vya kupulizia.

Pili, praima ya kijiko haikusuguliwa. Ya bodi ilisuguliwa kwa msasa wa maji namba 1000, kama inavyotakiwa.

Tatu, stika iliyobandikwa kijikoni ilikatwa kwenye karatasi ya Tamiya. Stika za kijani za milango zilitoka kwenye karatasi ya Safari iliyonunuliwa kando. Tena kijiko kilikaa wiki nzima kabla ya kliya, wakati stika za kijani za bodi zilisubiri saa kumi na mbili tu.

Nyufa

Ili kujua ufa uko kwenye kliya au kwenye plastiki, fungua kidirisha: chagua mahali pasipoonekana sana, chini ya mlango kwa mfano, sugua kwa msasa wa 1500 wenye maji eneo la upana wa kidole kidogo, ushuke tabaka moja moja. Ufa ukiisha pamoja na kliya, kliya ndiyo iliyovutika. Kwenye bodi hii mistari ilishuka kupita kliya, kupita rangi nyeupe, kupita praima, ikaishia ndani ya plastiki.

Mahali ilipojitokeza ndipo penye ushahidi. Matao ya magurudumu na midomo ya matundu ya boneti ni kingo, na msasa hula ukingo kwanza. Ukisugua praima mpaka katikati ya paneli iwe laini, kwenye kingo umeshafika kwenye plastiki tupu, na kwa kuwa plastiki ya seti hii ni nyeupe na rangi inayofuata ni nyeupe pia, hakuna anayeona. Rangi ilipopigwa kwa thina, katikati ya boneti ilikuwa na ngao ya praima na kingo hazikuwa nayo.

Sababu ya pili inaongeza ya kwanza. Plastiki ikiingizwa moto ndani ya kalibu na kupoa upesi, hubaki na mvutano wa ndani, hasa kwenye kona, kwenye sehemu nyembamba na karibu na pale plastiki ilipoingilia. Kiyeyushi kikizama humo, mvutano hupata njia ya kufunguka, na plastiki hupasuka kwa mistari midogo. Ndiyo maana nguzo za kioo cha mbele, ambazo ni nyembamba, huwa za kwanza kuumia kwenye bodi yoyote ya namna hii. Hapa nguzo ya kushoto ilikuwa na mistari mitatu.

Kwa hiyo thina ilikuwa chombo tu. Kilichoipa nafasi ni msasa uliotoboa praima, halafu praima isirudishiwe.

Stika

Weupe wa kifedha ni jambo jepesi kulieleza: hewa imebaki kati ya stika na rangi. Rangi ya gari isiyo na kliya hukauka bila mng'ao, uso wake una vibonde vidogo, na utando wa stika unavuka juu ya vibonde bila kuvijaza. Stika ndogo haionyeshi. Stika kubwa ya nyuma, yenye nafasi pana ya utando mtupu kati ya herufi, huonyesha yote. Kliya ikipigwa juu haiondoi hewa hiyo, inaifungia.

Mikunjo ya kijani ilihitaji kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa kulikuwa na washukiwa wawili. Ama wino wa karatasi ile unayeyushwa na kliya, ama maji na dawa ya kulainisha stika vilikuwa bado chini yake, kwani zilikuwa na saa kumi na mbili tu tangu kubandikwa, na Mombasa wakati wa masika saa kumi na mbili hazitoshi kukausha hata leso. Vinavyotenganisha washukiwa hao ni vipande viwili vya kijani vya karatasi ileile, kimoja kikiachwa siku tatu na kingine usiku mmoja, juu ya vipande vya fremu vilivyopakwa rangi. Chini ya kliya ya majimaji vyote viwili vilikunjamana, cha usiku mmoja zaidi. Chini ya kliya ya ukungu mwembamba hakuna kilichoguswa. Basi wino ndio mkosaji mkuu, na unyevu uliuzidishia. Stika nyekundu zilitoka kwenye karatasi ya Tamiya, zilikuwa zimebandikwa siku mbili kabla, na zikapona kwa sababu zote mbili.

Karatasi za stika zinazouzwa kando huchapwa kwa namna nyingi, na karatasi mbili za muuzaji mmoja zinaweza kutofautiana. Karatasi nyingi huwa na jina la seti au namba iliyochapwa pembeni, isiyo na kazi kwenye gari. Hiyo ndiyo ya kutolea kafara.

Vitundu vya paa

Hadina ya tuu-kei ina aisosayaneti, na aisosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikizaliwa ndani ya kliya inayoganda huacha kitundu. Maji yangeweza kutoka kwenye vyanzo vitatu hapa: hewa ya jioni baada ya mvua, bomba la kompresa lisilo na kichujio cha maji, na chupa ya hadina yenyewe.

Kompresa hupimwa kwa kioo. Elekeza hewa tupu kwenye kioo kikavu kwa dakika moja, umbali wa sentimita tano. Kikitokea hata tone moja, bomba lina maji. Kompresa hii ilitema matone. Dawa yake ni kichujio cha maji kwenye njia ya hewa na kumwaga maji ya tangi kila baada ya kazi; ukikosa kichujio, bomba refu lililoning'inizwa chini kisha likapanda juu hukamata maji mengi kwenye mkunjo, ingawa si yote.

Hadina nayo ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imejazwa nusu. Hadina nzima huwa angavu. Hii ilikuwa na utusitusi na ute kwenye mdomo wa chupa, na chupa ilikuwa imetuna. Hiyo ni gesi. Hadina ya namna hiyo haifai hata tone. Nunua kopo dogo lililofungwa na kiwanda, ukishachota kausha mdomo wake na ufunge papo hapo.

Aisosayaneti ina jambo jingine zito kuliko vitundu. Ikivutwa inaweza kumfanya mtu apate pumu isiyoondoka, na mwili ukishaizoea vibaya, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kuleta shambulio. Haina harufu ya kukuonya mapema. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Tuu-kei hupigwa nje au penye feni inayotoa hewa nje, kwa barakoa ya mpira yenye vichujio vipya vya mvuke wa kemikali, glovu, na watoto wawe mbali mpaka ikauke. Asiyeweza kupata hayo atumie kliya ya maji. Mng'ao utapungua kidogo, mapafu yatabaki.

Kuokoa au kununua bodi nyingine

Mjenzi alifikiria kuvua rangi yote kwa mafuta ya breki, njia inayojulikana na isiyodhuru polistairini kwa kawaida. Kwa bodi hii ilikuwa njia mbovu. Kliya ya tuu-kei iliyokomaa haitoki kirahisi hivyo, na hata kama yote yangetoka, nyufa ziko ndani ya plastiki. Kwa upande mwingine seti hii si ya kuokota dukani kila siku, na nyufa hazikuwa zimepenya hadi upande wa ndani. Ikaamuliwa isuguliwe, na karatasi nyingine za stika ziagizwe, ya Safari na ya Tamiya. Uamuzi sahihi kwa maoni yetu, ila ingekuwa nyufa zimetokeza ndani, hasa kwenye nguzo, bodi ingekuwa imekwisha: nguzo hiyo ingekatika siku ya kuingiza vioo.

Kliya ilishushwa kwa msasa wa 1000 wenye maji na tone la sabuni ya vyombo, stika zote zikaenda nayo. Nyufa zilijazwa supagluu nyepesi kwa ncha ya waya mwembamba. Hii ni hatua ambayo wengi huikosea kwa kutumia puti ya gari au praima nzito. Zote mbili zina kiyeyushi, na ufa uliozaliwa na kiyeyushi ukiwekewa kingine unafunguka tena. Supagluu haina kiyeyushi, inanyonywa na ufa wenyewe, na inasuguliwa. Ila isuguliwe ndani ya saa moja hivi. Ikilala usiku inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utachimba pembeni yake.

Mistari ya milango na boneti ilichongwa upya kwa mgongo wa wembe kabla ya rangi yoyote. Kwa 1/24 milimita moja ni milimita 24 za gari halisi, kwa hiyo tabaka la rangi la sehemu ya kumi ya milimita ni sawa na ukoko wa milimita 2.4. Bodi inayopakwa mara ya pili bila kuchongwa hutoka na milango isiyofunguka.

Kupaka upya

Kila kitu kilipigwa kwa eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi) yenye tundu la milimita 0.3, hewa kati ya baa 1 na 1.4. Praima nyeupe badala ya kijivu, ili rangi nyeupe isihitaji tabaka nyingi za kufunika.

Tabaka mbili za kwanza za praima zilikuwa za ukungu: umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono ukienda haraka, uso ukibaki na vidoti vikavu. Kiyeyushi kingi kinaruka hewani kabla ya kufika. Dakika kumi kati ya tabaka na tabaka. Kisha tabaka moja ya kulowesha kwa umbali wa sentimita 8 hadi 10. Ikakaa siku mbili, ikasuguliwa kwa 1500, na hapo ndipo palipobadilika na mara ya kwanza: baada ya kusugua, kingo zote zilirudishiwa ukungu wa praima mara mbili kabla ya rangi kukaribia. Ili kuona pale msasa ulipotoboa kwenye plastiki nyeupe yenye praima nyeupe, matone machache ya rangi nyeusi yalichanganywa kwenye praima ya mwanzo, ikawa na kijivu cha mbali sana. Panapotokea weupe mtupu, hapo ni plastiki.

Rangi nyeupe ilichanganywa kipimo kimoja cha rangi kwa kimoja na nusu cha thina ya tuu-kei yenye jina na kopo lake, ukungu mara mbili, kisha tabaka mbili za kawaida. Juu yake ikaja kliya nyembamba ya kuandaa uso kwa stika, siku mbili za kukauka, na mguso wa 2000 mahali penye punje.

Stika zilikatwa karibu na mchoro kwa wembe mpya, kwa sababu karatasi za namna hii mara nyingi zina utando mmoja uliotanda karatasi nzima. Maji ya uvuguvugu kwa sekunde kumi na tano, kisha zinalazwa kwenye taulo ya karatasi dakika moja mpaka ziteleze zenyewe. Chini ya kila stika palitangulia tone la siki nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tatu. Siki husaidia stika kushika na kulainika kidogo, na inapatikana kila duka. Kwenye mikunjo mikali ya matao bado dawa halisi ya stika inashinda. Pamba ya masikio iliyolowa hubingirishwa kutoka katikati kwenda nje. Ikibaki hewa, toboa kwa ncha ya sindano, weka tone, bonyeza.

Stika nyekundu za karatasi mpya ya Tamiya zilikuwa zimepata manjano kwenye utando, kama zinavyopata karatasi nyingi za miaka ya tisini. Zilibandikwa ndani ya kioo cha dirisha linalopigwa na jua, ndani ya mfuko angavu wa plastiki, mpaka manjano yakapauka. Jua la pwani halichelewi, lakini ni vizuri kuangalia kila siku, kwani rangi nyekundu nayo hupauka ikisahauliwa.

Kabla ya kliya bodi ilioshwa kwa maji yenye tone la sabuni kuondoa siki na gundi ya stika iliyokauka, kisha ikakaa siku nne ndani ya ndoo yenye kifuniko, pamoja na kikombe cha mchele mkavu. Mchele hunyonya unyevu kidogo. Vifuko vya jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu hufanya kazi vizuri zaidi.

Kliya ilipimwa kwa sirinji za duka la dawa, sirinji moja kwa kila kimiminika: mililita 8 za kliya, 4 za hadina, 4 za thina. Uwiano wa mbili kwa moja ndio uliokuwa umeandikwa kwenye kopo hili. Kopo jingine laweza kusema nne kwa moja, na lifuatwe hilo. Mililita 16 zinatosha bodi ya sentimita 18 na kubaki. Tabaka tatu za ukungu, dakika kumi na tano kati yao, mpaka stika zikafunikwa bila kulowa. Halafu tabaka moja ya kulowesha, na ya pili kwenye paa na boneti tu. Ilipigwa saa nane mchana, jua limeshakausha hewa. Eabrashi isafishwe papo hapo: tuu-kei ikigandia ndani, umepoteza sindano na tundu.

Baada ya wiki moja ilisuguliwa kwa 2000, kisha kompaundi ya gari kwa kitambaa laini, kingo zikifunikwa kwa utepe ili zisiguswe hata kidogo.

Mistari ya paneli ilijazwa kijivu, wala si nyeusi, kwani nyeusi juu ya gari jeupe huonekana mbali kuliko gari lenyewe. Rangi ya mafuta iliyochanganywa na tapentaini huingizwa kwa brashi nyembamba, na ziada hupanguswa. Mafuta ya taa yasitumike badala yake, yanaacha utando. Na rangi hiyo isidondokee plastiki isiyopakwa upande wa ndani, kwani nayo hupasua.

Bulbaa

Gari la Monte-Carlo halina ngao ya chuma mbele. La Safari linayo, na seti haina kipande hicho. Hapa suluhisho lilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Waya wa umeme wa nyumbani wa 2.5 (milimita za mraba), ule wenye uzi mmoja wa shaba, una kipenyo cha milimita 1.78 ukivuliwa ganda. Mara 24 ni karibu milimita 43, unene unaokubalika wa bomba la ngao. Wa 1.5 una milimita 1.38, sawa na 33, na unafaa mabomba madogo ya kushikilia taa. Waya unanyooshwa kwa kubana ncha moja kwenye jiliwa na kuvuta nyingine kwa koleo mpaka uhisi umerefuka kidogo. Hapo unakuwa mnyoofu kabisa na mgumu zaidi. Kona zinapindwa juu ya shina la biti ya drili lenye kipenyo kimoja ili zote zilingane. Maungio yanafungwa kwa risasi ya kuchomea, yanasuguliwa, na yanapigwa praima, maana rangi haishiki shaba tupu.

Pini mbili za waya huo huingia kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye chasi, si kwenye bampa. Bampa la plastiki halitabeba uzito wa shaba likiguswa kimakosa. Chasi nayo iliinuliwa kwa vipande vya plastiki vya milimita 1.5 juu ya kila mhimili, yaani sentimita 3.6 za gari halisi, na matairi ya barafu ya boksini yakabadilishwa.

Vioo viliingizwa mwisho kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu isikaribie vioo: mvuke wake unaacha ukungu usiofutika.

Kilichobaki ni kivuli cha ufa mmoja kwenye tao la nyuma la kushoto, kinachoonekana ukimulika kwa tochi ya pembeni. Kiliachwa, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa ya kupata matope hata hivyo. Udongo mwekundu ulipondwa na kuchujwa kwa soksi ya nailoni mara mbili, kwa sababu punje ya nusu milimita kwenye modeli ni kokoto ya milimita 12 barabarani. Ulichanganywa na kliya isiyong'aa ya maji, ukapigwa kwa brashi ngumu kuanzia nyuma ya magurudumu kwenda juu, mzito chini na mwepesi kadiri unavyopanda, na haukufunikwa kwa kliya nyingine juu, kwani kliya huugeuza udongo kuwa rangi ya kahawia iliyolowa.